Nina lupus, kipimo kilisema kaswende, na sasa nataka mtoto

SWALI

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza, nina umri wa miaka 29 na nimeolewa. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kila mtu ana neno lake kuhusu ugonjwa wangu, na sijui tena nimsikilize nani.

Ulianza na maumivu ya vidole na vifundo vya mikono. Asubuhi vidole vilikuwa vimekakamaa kiasi kwamba kushika chaki ilikuwa taabu, lakini ikifika saa nne au saa tano vinalainika. Jioni nilipata homa. Kila nilipokwenda zahanati nilipewa dawa ya malaria, na mara nyingine ya homa ya matumbo, hata pale kipimo kilipoonyesha kwamba sina vimelea. Baadaye nilitoka vidonda mdomoni visivyouma, nywele zikakatika kwa wingi, na mabaka meusi yakatanda mashavuni na juu ya pua. Muuza vipodozi alinichanganyia krimu ya kuyafuta. Yalififia, kisha yakarudi kwa nguvu baada ya siku ya michezo ya shule ambayo nilishinda juani.

Ndipo nikapata mimba. Kliniki, kipimo cha VDRL kilionyesha kwamba nina kaswende. Mimi na mume wangu tulichomwa sindano za penisilini, ingawa kipimo chake yeye hakikuonyesha kitu. Mimba ilitoka ikiwa na miezi mitano. Mawifi zangu wamelifanya jambo hilo kuwa ushahidi kwamba nilikuja na maradhi kutoka nje ya ndoa, na mume wangu, ingawa hasemi, naona ana duku­duku moyoni.

Miguu ilipoanza kuvimba nilipelekwa hospitali ya rufaa. Mkojo ulikutwa na protini nyingi, nikachukuliwa kinyama cha figo kwa sindano, nikaambiwa nina lupus na kwamba imeingia kwenye figo. Sasa natumia haidroksiklorokwini, prednisoloni, mikofenoleti na enalapril. Nashukuru Mungu, huu ni karibu mwezi wa nane wa matibabu na nimerudi darasani, viungo haviumi, miguu imekauka. Lakini uso umekuwa wa duara, nimenenepa, na muuza duka la dawa ameniambia kwamba hiyo haidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini iliyoondolewa nchini, tena inapofusha macho.

Mama mkwe ameniletea dawa ya unga kutoka Handeni. Anasema nikiacha za hospitali nikanywa hiyo nitapona na nitapata mtoto, kwa kuwa za hospitali ndizo zinazofunga kizazi. Naomba unieleze: kwa kuwa nimepata nafuu, je, naweza kuacha dawa? Je, kweli nilikuwa na kaswende? Na je, mtu mwenye lupus anaweza kuzaa mtoto mzima, au atamrithisha?

Mwalimu, Muheza

JIBU

Marahaba, Mwalimu.

Nianze na yale yasiyoweza kusubiri. Usiache dawa hata moja kwa uamuzi wako wala wa mtu mwingine wa nyumbani, na usishike mimba ukiwa bado unatumia mikofenoleti. Dawa hiyo huongeza sana hatari ya mimba kutoka na ya mtoto kuzaliwa na kasoro za masikio, midomo na kaakaa. Kama kwa sasa hutumii njia yoyote ya uzazi wa mpango, nenda kliniki wiki hii. Kitanzi kinakufaa. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni viepuke, kwa sababu nitakazozieleza nikifika kwenye suala la kaswende. Mtoto unaweza kumpata, na nitakueleza namna, ila kuna mambo ambayo ni lazima yatangulie.

Lupus ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, iliyowekwa ipambane na vijidudu, inaushambulia mwili wenyewe na kusababisha uvimbe wa ndani katika viungo vingi kwa wakati mmoja au kwa zamu. Ndiyo maana dalili zako zilionekana kama magonjwa matano tofauti. Kukakamaa kwa vidole asubuhi, homa isiyo na vimelea, vidonda vya mdomoni visivyouma, nywele kukatika, na mabaka ya mashavuni yanayopanda hadi kwenye pua na kuchochewa na jua ni dalili zinazojulikana, na zikikutana kwa mwanamke wa umri wako zinatosha kumfanya mganga yeyote aombe kipimo cha mkojo na cha kingamwili, yaani silaha zinazotengenezwa na kinga ya mwili. Katika kila wagonjwa kumi watu wazima, takriban tisa ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa. Wanawake wenye asili ya Afrika huugua zaidi, na figo zao huguswa mara nyingi zaidi. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba lupus ni nadra barani Afrika. Nionavyo mimi, sehemu kubwa ya unadra huo ilitokana na wagonjwa kutibiwa malaria na homa ya matumbo mwaka hadi mwaka bila mtu kuuliza mkojo wao ukoje. Isitoshe, picha nyingi za vitabu vya udaktari zinaonyesha wekundu kwenye uso mweupe, ilhali kwenye ngozi nyeusi baka hilo huwa la zambarau au jeusi zaidi ya ngozi, kama lako lilivyokuwa.

Sasa kuhusu nafuu uliyoipata, ambayo ndiyo inayokutia kishawishi. Viungo vya mwili vinavyouma vinakupa taarifa, lakini figo haziumi. Figo iliyoshambuliwa na lupus ni kama chujio la chai lililotoboka: protini ya damu inapita na kutoka na mkojo, nawe huhisi lolote mpaka miguu ivimbe, mkojo uwe na mapovu yasiyoisha, au shinikizo la damu lipande. Kwa hiyo kusema “naendelea vizuri” kwa kuangalia vidole na uso hakutoshi. Anayejua kama unaendelea vizuri ni mkojo wako, pamoja na shinikizo la damu na kipimo cha damu cha kreatinini, taka ambayo figo hutakiwa kuichuja. Lengo la matibabu ni kuishusha protini inayopotea ifike chini ya takriban nusu gramu hadi gramu 0.7 kwa siku ndani ya mwaka mmoja, na baada ya hapo dawa za kulinda figo huendelea, kwa kawaida kwa miaka mitatu au zaidi tangu matibabu yaanze. Kwa miezi minane bado uko njiani. Wanaoacha wakati huu mara nyingi hurudi hospitalini na figo zilizochakaa, na figo iliyokwisha kuwa kovu hairudi. Mwanamuziki Selena Gomez wa Marekani, mwenye ugonjwa huuhuu, alitangaza mwaka 2017 kwamba amepandikizwa figo. Fedha na madaktari alikuwa nao, na figo zikamshinda hata hivyo.

Haidroksiklorokwini, ambayo muuza duka amekuogofya nayo, ndiyo dawa ambayo ningekuwa wa mwisho kukubali uiache. Ni kweli kwamba ni ndugu wa klorokwini. Klorokwini iliondolewa kwenye matibabu ya kwanza ya malaria hapa Tanzania mwaka 2001 kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea, na hilo halihusiani na lupus hata kidogo, kwa kuwa katika lupus hatuui kimelea chochote bali tunatuliza kinga ya mwili. Dawa hii hupunguza milipuko ya ugonjwa, huzilinda figo, hupunguza hatari ya damu kuganda, na wanaoitumia huishi muda mrefu zaidi kuliko wasioitumia. Kuhusu macho, madhara yapo, lakini hutegemea kiasi cha dawa na miaka ya kuitumia. Kiasi kisizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 hapaswi kuvuka miligramu 300 kwa siku kwa wastani, ambazo huzipata kwa kumeza kidonge kimoja cha miligramu 200 leo na viwili kesho. Macho hupimwa mwanzoni, kisha kila mwaka kuanzia mwaka wa tano. Kwa kuwa dawa hutolewa na figo na zako zimeguswa, omba upimwe kila mwaka bila kungoja huo mwaka wa tano. Baadhi ya watu huwashwa ngozi, kama wazee wetu wanavyoikumbuka klorokwini. Likikutokea, mwambie daktari wako, lakini usiache kimyakimya.

Uso wa duara ni wa prednisoloni, na hapo nakuunga mkono kwamba kipimo chake kipungue. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2023 unataka mgonjwa aliyetulia ashushwe hadi miligramu 5 kwa siku au pungufu, na ikiwezekana aachishwe kabisa. Ila hushushwa hatua kwa hatua na daktari anayeuona mkojo wako. Mwili unaopewa dawa hii kwa miezi mingi huacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, na ukiikata ghafla unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, kushuka shinikizo la damu na hata kufariki. Dawa ikipungua, uso nao hupungua. Wakati huohuo pima sukari na shinikizo la damu, na uulize kuhusu kalsiamu na vitamini D kwa ajili ya mifupa.

Kuhusu kaswende nitakawia kidogo, kwa sababu nadhani hapo ndipo ulipoumizwa bila sababu. Kipimo cha VDRL hakimtafuti mdudu wa kaswende mwenyewe. Kinatafuta kingamwili zinazoshikana na aina fulani ya mafuta yaitwayo kadiolipini, kwa kuwa wagonjwa wa kaswende huwa nazo. Tatizo ni kwamba wagonjwa wengi wa lupus nao huwa na kingamwili za kundi hilohilo, bila kuwahi kukutana na mdudu wa kaswende maishani. Jambo hili limejulikana kwa miongo mingi, kiasi kwamba kipimo cha kaswende kinachodanganya kimewahi kuwekwa miongoni mwa vigezo vya kuutambua ugonjwa wa lupus. Njia ya kumaliza ubishi ni kufanya kipimo cha pili kinachotafuta kingamwili mahsusi dhidi ya mdudu wa kaswende, kama TPHA. Kikiwa hasi, hukuwa na kaswende. Kikiwa chanya, maana yake ni kwamba uliwahi kuambukizwa, na sindano ulizochomwa ni tiba inayokubalika, ingawa hakisemi lini wala na nani. Siwezi kulitangaza jibu kabla ya kipimo, lakini nikitazama dalili zako zote na kipimo cha mume wako, dau langu liko kwenye lupus. Nenda na mume wako siku ya kuchukua majibu, ayasikie kwa masikio yake kutoka kwa daktari. Mawifi hawahitaji kuwapo.

Jambo hilohilo lina uzito mwingine. Mimba iliyotoka ikiwa na miezi mitano, pamoja na VDRL ya kutia shaka, inanifanya nishuku ugonjwa pacha uitwao ugonjwa wa antifosfolipidi, ambao hufanya damu igande upesi katika mishipa, pamoja na ile ya kondo la nyuma, na mtoto akakosa chakula na hewa. Vipo vipimo vitatu vya damu vinavyouchunguza, na vikiwa chanya hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi ili kuthibitisha. Hii ndiyo sababu nimekuonya juu ya vidonge vya estrojeni, ambavyo huongeza kuganda kwa damu. Na hii ndiyo sababu hutakiwi kubeba mimba nyingine kabla ya kujua, kwani ukikutwa nao, mimba itahitaji aspirini ya kiwango kidogo na sindano za heparini, na kwa tiba hiyo wanawake wengi waliowahi kupoteza mimba huzifikisha salama hadi kujifungua.

Mpango wa mtoto, basi, uwe hivi. Ugonjwa uwe umetulia kwa miezi sita mfululizo, mkojo ukishuhudia, na shinikizo la damu liwe limedhibitiwa. Daktari abadilishe mikofenoleti akupe azathiopirini, ambayo haimdhuru mtoto kwa kiwango kinachofaa. Mikofenoleti iwe imeachwa wiki sita au zaidi kabla ya kuanza kutafuta mimba, na ni vizuri kungoja zaidi ili kuona kama figo zinaikubali dawa mpya. Enalapril, ile ya shinikizo la damu na ya kulinda figo, nayo haifai kwa mimba, hivyo mkubaliane mapema itaachwa lini na utatumia nini badala yake. Haidroksiklorokwini inaendelea kutoka mwanzo hadi baada ya kujifungua, na wakati wa kunyonyesha pia. Aspirini ya kiwango kidogo huanzishwa mapema, kabla ya wiki ya 16, kupunguza hatari ya kifafa cha mimba, ambacho huwapata zaidi wenye lupus ya figo. Upimwe pia kingamwili iitwayo anti-Ro: ukiwa nayo, kuna hatari ya asilimia moja hadi mbili ya kuziba kwa njia ya umeme inayoongoza mapigo ya moyo wa mtoto, kwa hiyo moyo wake hufuatiliwa kwa kipimo cha mawimbi ya sauti kuanzia wiki ya 16 hivi. Kliniki yako isiwe ya zahanati pekee. Uhudhurie penye daktari bingwa wa wanawake na daktari wa figo au wa magonjwa ya ndani, na ujifungulie penye damu ya akiba na chumba cha watoto wachanga. Muheza si mbali sana na hospitali ya KCMC ya Moshi wala Muhimbili ya Dar es Salaam kwa jambo zito kama hili, na wataalamu wa lupus nchini ni wachache.

Je, utamrithisha? Urithi una sehemu yake, lakini watoto wengi sana wa akina mama wenye lupus hawaugui lupus. Ugonjwa wenyewe hauambukizi, si kwa ndoa, si kwa chombo cha chakula. Na dawa za hospitali unazotumia sasa hazijafunga kizazi chako. Kuna dawa moja ya lupus kali, siklofosfamidi, ambayo kwa kiwango kikubwa inaweza kuathiri mayai ya mwanamke, lakini haimo katika orodha uliyonitajia.

Nimeacha unga wa Handeni mwisho kwa sababu najua mama mkwe ameuleta kwa mapenzi, na sipendi kumdhihaki mtu anayetaka mjukuu. Hata hivyo siwezi kukuruhusu. Unga usiojulikana kilichomo hupita kwenye figo zilezile tunazozihangaikia. Dawa za mitishamba zilizopimwa katika nchi mbalimbali zimewahi kukutwa zimechanganywa na deksamethasoni, ndugu mkali wa prednisoloni katika kundi la dawa ziitwazo steroidi, na hapo mgonjwa huona nafuu ya haraka akamsifu mganga, huku anatumia steroidi bila kipimo. Tena lupus hupanda na kushuka yenyewe. Anayetoa dawa wakati inaposhuka hupata sifa asizozitolea jasho. Mwambie mama kwamba daktari amekataza chochote kisichojulikana mpaka mtoto apatikane. Lawama hiyo niachie mimi.

Tahadhari hiyohiyo iende hadi kwenye duka la dawa. Viungo vikikuuma usinunue diklofenaki wala ibuprofeni, kwa kuwa huziumiza figo; parasetamoli inatosha mpaka umwone daktari. Septrin nayo iepuke isipokuwa daktari anayejua una lupus ameiandika, kwani wagonjwa wa lupus hupata mzio nayo zaidi ya watu wengine na inaweza kuamsha ugonjwa. Krimu za kuchanganya, zile za mkorogo, ziache kabisa: nyingi zina steroidi kali au hidrokwinoni, na baka la lupus linatibiwa kutoka ndani. Jua nalo lina athari hata kwetu wenye ngozi nyeusi. Omba uongozi wa shule usikupange uwanjani saa za mchana, vaa mikono mirefu na mtandio mpana au tumia mwavuli, na kama unaweza kumudu, paka krimu ya kuzuia jua yenye kiwango cha 30 au zaidi.

Ukipata homa, usiichukulie kuwa ni lupus tu wala kuwa ni malaria tu. Dawa zako zimeipunguza nguvu kinga yako, kwa hiyo maambukizi hukuingia kwa urahisi; nenda siku hiyohiyo, upimwe malaria kwa kipimo, na ukiwa na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili upimwe kifua kikuu. Degedege, kuchanganyikiwa, kifua kubana, mguu mmoja kuvimba ghafla, au mkojo wa rangi ya chai au wenye damu ni mambo ya kukimbizwa hospitali usiku uleule.

Kliniki ijayo nenda na vitu vitatu: orodha ya dawa zako zote, daftari lenye majibu ya mkojo tangu uanze matibabu, na mume wako. Omba TPHA, vipimo vya antifosfolipidi na anti-Ro vifanyike kwa mchomo mmoja wa damu, na umwambie daktari waziwazi kwamba unataka mtoto, kwa sababu asipoambiwa ataendelea kukuandikia mikofenoleti kwa nia njema kabisa.